Papa Maître, Orodha Ilikuwa Yangu

Papa Maître,

Leo nimesema. Nimesimama mbele ya majaji watatu nikiwa nimevaa joho lako jeusi, lile lenye tundu la sigara kwenye mkono wa kushoto, nikasema watu wote wakisikia kwamba orodha ya baiskeli niliiandika mimi. Nimechelewa miezi saba. Nitukane huko uliko, una haki. Ulikuwa na matusi ya Kilingala ambayo hata polisi waliyaogopa, na sasa hivi ningetoa kila nilicho nacho nisikie moja tu.

Ninakuandikia kwenye meza yako hapa kwa Mama Régine, mke wako, kwa sababu ofisi yetu haipo tena. Iliungua. Wewe hukuiona ikiungua. Ulikuwa chini pale mlangoni, damu imekujaa machoni, na mimi na yule jirani muuza kwanga, mikate ya muhogo, tulikuvuta kwa mikono kukutoa kwenye moshi. Lakini tazama, naanza tena shauri katikati. Ungeniambia: "Pilipili, anzia mwanzo, jaji naye iko mutu, anachokaka." Bon. Naanzia mwanzo.

Ulinipokea nikiwa nimetoka chuo kikuu, msichana wa Kindu mwenye mdomo, ambaye mawakili wawili walikuwa wameshamfukuza, ukanipa jina la Pilipili. Siku ya kwanza ulinionyesha sikio lako la kulia lililopasuka. Nilidhani utaniambia ni ajali. Kumbe ni kule Yahuma, wakati wa ujana wako, ulipokwenda kudai deni kwa mfanyabiashara wa mpunga. Alikufunga kwenye nguzo ya ghala lake, akalipasua sikio kwa panga, akakuambia damu hiyo umpelekee aliyekutuma. Ulikuwa unacheka ukisimulia! Ulisema kosa halikuwa la yule bwana, kosa lilikuwa lako, kwa sababu uliingia kwake na karatasi kabla ya salamu.

Tangu hapo ukawa na desturi yako ambayo mji mzima uliijua. Ukienda kukamata mali ya mtu, kwanza unaketi kwake na kuomba maji ya kunywa, hata kama polisi wako nje na lori. "Ombaka mayi kwanza. Kama anakupa, mutasemezana. Kama anakunyima, urudie kesho." Mimi nilikuwa nakufa kwa aibu. Wakili mzima, na tai shingoni, ameshika kikombe cha plastiki katika nyumba ya mtu tunayekwenda kumwondolea friji! Lakini nimeona kwa macho yangu yule mama wa vitenge aliyetungoja na sufuria ya mafuta ya moto, anasubiri tu uvuke kizingiti akumwagie. Ulipoomba maji akaiweka sufuria chini, akaenda kuchota. Nimeona pia wadai sita wa kiwanda cha sabuni wameshikana mashati, mmoja ametoa kisu, mwingine ameshapasuliwa mdomo, na ukawaketisha wote wanywe maji ya ndoo moja, kwa huyo huyo mwenye deni. Kabla jua halijashuka walikuwa wamekubali kumpa mwaka mzima ajipange upya. Kile kiwanda bado kinafanya kazi, Papa. Sabuni yake ndiyo tuliyokuoshea.

Halafu kikaja kiwanda cha mbao.

Unakijua, lakini acha nikisimulie nilivyokiona mimi, maana kuna kitu sikukuambia. Mwenye kiwanda alikuwa amekimbilia Kinshasa na kuacha madeni kila upande. Tribunali ikatangaza kwamba kimefilisika, ikakuweka wewe ukisimamie: uandike kila kilicho ndani ya uzio, ukifunge kwa lakiri, ukiuze, kisha uwalipe wanaodai, wafanyakazi wakiwa wa kwanza. Wafanyakazi hao walikuwa hawajaona mshahara zaidi ya mwaka. Walikula kwa baiskeli zao. Asubuhi wanafanya toleka, wanabeba abiria mjini, mchana wanaegesha baiskeli kwenye kibanda cha kiwanda na kupasua magogo wakitumaini kulipwa, jioni wanabeba abiria tena. Watu wote wa komuni ya Tshopo walijua hilo, na mimi nilijua.

Siku ya kuandika ulikuwa na malaria. Ulikuwa unatetemeka chini ya blanketi mbili, na bado ukanishika mkono: "Pilipili, mayi kwanza." Nikasema ndiyo Papa, ndiyo Papa, nikatoka.

Sikuomba maji. Mvua ilikuwa inanyesha, polisi wanne wananung'unika wanataka kumaliza, na wafanyakazi wamejaa getini wanapiga kelele. Mmoja wao, kijana anayeitwa Dieumerci, mwendesha msumeno mkubwa, akaniambia: "Weye mwanamuke, utatukula mpaka mifupa?" Watu wakacheka. Mwingine akanirushia konzi ya matope, yakanipiga usoni, yakaingia mdomoni. Papa, niliona giza. Nikawaambia polisi wawatoe wote nje, na wakawatoa kwa vitako vya bunduki. Nilimwona mwanaume mmoja mwenye mvi akipigwa mgongoni, akaanguka juu ya unga wa mbao, akaamka, akapigwa tena. Sikusema acheni. Huyo ndiye Papa Basila, kaka mkubwa wa Dieumerci. Alikuwa ananyoosha mkono kwenye kile kibanda na kusema kitu, na mimi sikutaka kusikia.

Nikaingia kibandani na chaki. Baiskeli arobaini na moja. Nyingine zilikuwa na jina la mtoto limeandikwa kwa rangi kwenye kiti cha abiria, nyingine zimefungwa kipande cha kitenge ili mteja akae vizuri. Nilijua ni za nani, Wallahi nilijua. Nikaweka alama ya chaki kwenye kila moja, nikaandika kwenye orodha: mali ya kampuni. Wewe ulidhani nilikosea, haraka ya mwanafunzi na ujinga wake. Sikukosea. Niliandika kwa hasira, ladha ya matope bado iko kwenye ulimi, na nilipopiga lakiri kwenye ule mlango nilisikia raha. Hicho ndicho sikukuambia.

Ulipopona ukaisoma orodha, ukaniuliza. Nikajibu hazina karatasi, na zilikuwa ndani ya uzio. Siku hiyo hiyo ukaandika kwa mkono wako kuomba tribunali izitoe, ukaipeleka barua mwenyewe kwa miguu. Jaji alikuwa safarini. Ukarudi kesho yake, ukarudi keshokutwa, wiki tatu unarudi. Katika wiki hizo tatu Papa Basila akashikwa na tumbo. Hakuwa na baiskeli ya kutafutia pesa ya hospitali, hakuwa na ya kuweka rehani, hakuwa hata na ya kubebewa. Dieumerci alimbeba mgongoni kutoka kando ya mto mpaka hospitali, na alipomteremsha mlangoni kaka yake alikuwa ameshakata roho.

Unajua vijana wetu na maiti. Wakaipora familia sanduku, wakajipaka majivu na matope, wakakimbia nalo barabarani wakiimba matusi, wakisema sanduku lenyewe ndilo linalowavuta kwa mtu aliyemuua Basila. Likawapitisha sokoni, likawageuza kwenye kona ya duka la dawa, likawaleta kwetu. Ilikuwa saa nne asubuhi, nilikuwa napiga mihuri. Nilisikia nyimbo kwanza. Halafu nikasikia sanduku likigongwa kwenye mlango wetu, mbao kwa mbao, na ndani yake mtu.

Waligonga mara tatu. Kioo cha dirisha chote kikaja juu ya meza yangu, na jiwe likanipata hapa juu ya jicho, kovu lipo mpaka leo. Nikashika kile chuma cha kufungia mlango nikapiga kelele naua mtu leo, naua! Na ningeua. Wewe ukaninyang'anya chuma, ukanipiga kofi, la kwanza na la mwisho tangu tujuane, ukanisukuma nyuma ya kabati la mafaili. Ukavaa miwani yako. Ukafungua mlango kama mtu anayetoka kununua mkate.

Sikuona kitu, nilisikia tu. Nilisikia sauti ikiuliza: "Nani aliandika baiskeli zetu?" Nikasikia sauti yako, ile ile ya kuombea maji: "Ni mie. Ni mie niliandika." Halafu pigo moja. Halafu mapigo mengi, mengi, na watu wakishangilia kama mpira umeingia. Wakamwaga petroli kwenye mafaili. Nilitambaa juu ya vioo kwa magoti, nikakukuta umelala karibu na sanduku la Basila, na uso wako haukuwa na mahali pa kushika. Uliishi mpaka saa saba mchana. Kwangu hukusema neno.

Ee Papa, ungenyamaza! Kwa nini hukunyamaza? Nimekuuliza hili barabarani, nimekuuliza msalani, watu wanadhani nimerukwa na akili.

Sikiliza sasa kilichofuata. Mji uliamini neno lako. Na kwa nini usiaminiwe? Miaka yote hiyo hukuwahi kumdanganya mdai wala mdaiwa. Kwa hiyo ukawa wewe ndiye mwizi wa baiskeli za maskini. Kwenye matanga yako tulikuwa watu kumi na mmoja, mmoja wao mwenye kile kiwanda cha sabuni. Msalaba wa kaburi lako waliuvunja kwa shoka, tukaweka mwingine, wakauvunja tena. Mama Régine akienda kununua pondu, majani ya muhogo, watu wa toleka wanampigia kengele zote kwa pamoja mpaka anarudi na kikapu kitupu. Mimi nilikuwa namsindikiza. Nilikuwa nala chakula chake, namshika mkono, nasema pole Mama, na nanyamaza.

Orodha ilikuwa imeungua pamoja na ofisi. Hakuna aliyebaki na karatasi yenye jina langu. Nilikuwa nimeapishwa juzi tu, na wakili anayeandika mali ya watu kwa makusudi anavuliwa joho. Niliogopa, ndiyo yote. Nilikuwa mwoga na nilikuwa na chuki. Nilitaka wale watu wafe. Dieumerci alikamatwa siku ile ile, na mikono yake ina damu yako mpaka kwenye viwiko, hakukimbia hata. Wiki ya pili nikaenda jela kumtazama. Walikuwa wamempiga hata jicho moja halifunguki, na bado nikaona haijatosha. Nikampa mlinzi pakiti ya sigara amnyime maji. Mimi, mwanafunzi wako. Siku mbili alinyimwa maji kwenye lile joto, na nililala vizuri siku zote mbili. Kama unataka kunitukana, anzia hapo.

Kisha wakaweka msimamizi mwingine wa kiwanda. Mwezi uliopita akatangaza kwamba baiskeli zitauzwa pamoja na mashine, kwa sababu marehemu Maître mwenyewe alikiri mbele ya watu kwamba ndiye aliyeziandika kuwa mali ya kampuni. Neno lako la kuniokoa mimi likawa ndilo linaloziuza. Niliposoma lile tangazo lililobandikwa ukutani, nikajua kwamba nikiendelea kunyamaza, familia arobaini na moja zitaibiwa mara ya pili, na safari hii kwa jina lako.

Ndiyo leo, basi, kwenye kesi ya kifo chako. Dieumerci alikuwa mbele, amefungwa pingu na wenzake wawili, amekonda, jicho moja limebaki jeupe. Mama Régine alikuwa nyuma yangu na nguo zake nyeusi. Prokireri, mwendesha mashtaka, akaniita kama shahidi, akaniuliza swali aliloona ni rahisi, kwamba marehemu aliziandika baiskeli lini. Nikasema hakuziandika. Nikasema niliziandika mimi, nikijua ni za watu, kwa sababu nilirushiwa matope na nilitaka waumie.

Nilikuwa sijafunga mdomo Mama Régine akanifikia. Alinipiga kwa kisigino cha kiatu, kichwani, mgongoni, kichwani tena, mbele ya majaji, akipiga kelele: "Miezi saba! Miezi saba unakula kwangu!" Polisi wakamshika. Nikawaambia mwacheni, akanipiga tena mpaka akachoka, akakaa chini kwenye sakafu. Damu ilinichuruzika mpaka kwenye kola ya joho lako. Nitaifua.

Jaji alipopata utulivu akamgeukia Dieumerci, akamuuliza kama alijua. Akajibu: "Nilijua. Nilimuona na chaki." Jaji akauliza kwa nini basi alimpiga mzee. Papa, nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sipunguzi: "Juu ya uongo yake. Papa Maître hakutudanganyaka hata siku moja. Kaka yangu iko mule ndani ya sanduku, na yeye anatudanganya. Nikapandwa na moto, nikamupiga na kipande ya ubao. Nilipiga wa kwanza. Wengine wakafuata."

Jaji akamuuliza, na miezi saba hii, mbona hukusema kwamba ni huyu mwanamke? Dieumerci akatazama pingu zake. "Ye alianguka, akanishika muguu. Akaniambia, muache mutoto. Nilikuwa nimeshamuua. Na hiyo nayo nimunyime?"

Papa Maître, mimi niliyekula nyumbani kwako sikukutunzia jina lako hata siku moja. Aliyekuua alikutunzia neno lako la mwisho, kwa kiu, kwa kipigo, na jicho moja limekufa. Nilikaa chini. Sikulia pale. Nimelia njiani, katikati ya barabara, na watu wa toleka wakanipita pembeni, hakuna aliyepiga kengele.

Jaji ameamuru baiskeli zisiguswe mpaka wenyewe waje kuzitambua. Baraza la mawakili litaniita wiki ijayo, na huenda joho hili nitalirudisha kwenye sanduku lako la nguo. Dieumerci na wenzake wangali wanasubiri hukumu, na hakuna anayewadanganya kwamba itakuwa nyepesi. Nilikwenda kwako kutoka tribunalini, sikuwa na kwingine. Sikuvuka kizingiti. Nilisimama nje, kichwa kinachuruzika, nikamwomba Mama Régine maji ya kunywa. Akaingia, akatoka na kikombe, akanimwagia chote usoni. Akarudi ndani. Nilikuwa naondoka niliposikia maji yanachotwa tena. Akanipa kikombe kimejaa, akaniambia: "Kunywa. Alafu ukae pale kwa meza yake, umuambie ye mwenyewe."

Nimekuambia, basi. Kalamu ni yako, ile inayovuja wino, vidole vyangu vyote ni bluu. Pumzika, Papa Maître. Kesho nasimamisha msalaba wako mara ya tatu, na safari hii sidhani kama kuna atakayeleta shoka. Kutoka hapo nakwenda jela. Dieumerci ana kikombe kimoja cha bati, nilikiona siku ile nilipompa mlinzi sigara. Nitaketi mbele yake, bila karatasi, na kabla ya neno lingine lolote nitamwomba maji. Akininyima, nitarudi kesho yake.

Pilipili wako,
Zaina